Marehemu Asiyeonyeshwa Sura

Kati ya watu wote wanaopita katika anime ya Maison Ikkoku, kuna mmoja ambaye hatumwoni uso hata mara moja. Jina lake ni Soichiro Otonashi. Alikuwa mwalimu, akampenda msichana aliyemfundisha, akamuoa mara tu msichana alipomaliza sekondari, na akafariki kabla ndoa haijatimiza mwaka. Picha yake ikitolewa, kivuli kimeangukia usoni. Katika kumbukumbu za mjane wake anaonekana kwa mgongo, au kuanzia shingoni kushuka chini. Mtazamaji anamaliza vipindi 96 bila kujua marehemu alikuwa na macho ya namna gani, na bado ndiye aliyeibeba hadithi yote.

Natangulia kumtaja kwa sababu wengi wakiambiwa habari za anime ya vichekesho vya mapenzi ya miaka ya 1980 wanajua cha kutarajia: kijana mwoga, msichana mzuri, kofi la shavuni, mlango unaofunguliwa wakati usiofaa. Vyote hivyo vimo humu, tena kwa wingi. Lakini chini yake kuna msiba, na kwa maoni yangu hakuna kichekesho hata kimoja cha maana katika kazi hii ambacho hakikuota kwenye msiba huo.

Ilianza kurushwa na Fuji TV tarehe 26 Machi 1986 na kumalizika tarehe 2 Machi 1988. Waliotengeneza ni Studio Deen, wakifuata manga ya Rumiko Takahashi, mwanamke aliyezaliwa Niigata mwaka 1957. Kwa muda wa miaka kama saba alikuwa akichora hadithi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza, Urusei Yatsura, ilitoka katika jarida la wavulana, na anime yake ndiyo iliyokuwa ikishika saa ile ile ya Fuji TV kabla Maison Ikkoku haijaipokea. Ya pili ndiyo hii, iliyotoka katika Big Comic Spirits, jarida la watu wazima lililoanzishwa mwaka 1980. Ukizitazama kwa kufuatana utashangaa kwamba zimetoka kwenye mkono mmoja. Katika Urusei Yatsura wanafunzi hawamalizi shule. Krismasi inakuja, kiangazi kinapita, wao wanarudi darasa lile lile, wakiwa na umri ule ule, na mapenzi yao hayaongezeki wala hayapungui. Katika Maison Ikkoku, mwaka ukipita umepita.

Yusaku Godai tunamkuta ameanguka mtihani wa kuingia chuo kikuu na anajiandaa kuurudia. Baadaye anapata nafasi katika chuo kisichojulikana, anahitimu, anatafuta kazi, anapata, anapoteza, anapata tena. Kentaro, mtoto wa jirani, anakua mbele ya macho yetu. Na kwa kuwa manga ilichapishwa kuanzia 1980 hadi 1987 ikifuata majira ya mwaka, msomaji aliyekuwa chuoni wakati Godai anafeli mtihani alikuwa ameshaajiriwa siku Godai alipooa.

Nyumba yenyewe, Maison Ikkoku, ni ya mbao, kuukuu, iko Tokyo, na vyumba vyake vinapangishwa. Chumba namba 1 anakaa Bi. Ichinose na mumewe na Kentaro. Mama huyu akishika chupa ya sake hana habari tena na sufuria jikoni. Namba 4 ni Yotsuya, bwana mwenye adabu za maneno ambaye hakuna anayejua anafanya kazi gani, na ambaye ametoboa ukuta ili aingie namba 5 kila apendapo. Namba 6 ni Akemi, mhudumu wa baa iitwayo Chachamaru, anayezunguka nyumbani na nguo za kulalia. Namba 5 ni Godai, na chumba chake ndicho ukumbi wao wa kunywea, hasa usiku wa kuamkia mtihani. Hadithi inaanza siku amechoka, amefunga mizigo, anahama. Mlangoni anasimama msimamizi mpya wa nyumba, Kyoko Otonashi, mwanamke kijana aliyekuja na mbwa mkubwa mweupe. Godai anaifungua mizigo yake.

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, kwa huyo mbwa.

Soichiro alipokuwa hai alirudi nyumbani jioni moja na mishikaki ya kuku, na mbwa huyu akamfuata kwa harufu hadi mlangoni. Kyoko akataka kumpa jina la kawaida la mbwa mweupe, Shiro. Mbwa akiitwa hivyo hatikisi hata sikio. Akimsikia Kyoko anamwita mumewe, “Bwana Soichiro,” ndipo anainuka. Jina likamganda. Kisha mwenye jina akafa, na mbwa akabaki nalo.

Fikiria maana yake kwa mwanamke anayeishi na jambo hilo. Kila asubuhi anasimama uani, mbele ya wapangaji wake wote, anaita jina la mumewe kwa sauti ya mapenzi, naye anaitikiwa. Hakuna anayeweza kumwambia basi, inatosha, mtu ameshazikwa, kwa sababu anamwita mbwa ale chakula. Godai mwanzoni anadhani kuna mwanamume. Akishaujua ukweli hapati nafuu yoyote, kwa sababu mwanamume yupo kweli, ila hawezi kushindana naye. Mpinzani aliye hai anachelewa, anasema uongo, anazeeka, anakosea siku ya kuzaliwa. Marehemu hatendi kosa jipya.

Halafu Takahashi anafanya jambo ambalo, kila nikilifikiria, linanifanya nimheshimu zaidi kama mtunzi. Mposaji wa pili wa Kyoko ni Shun Mitaka, mwalimu wa tenisi, tajiri, mcheshi, mwenye meno yanayong’aa, bora kuliko Godai kwa kila kipimo. Mitaka ana udhaifu mmoja tu: anaogopa mbwa. Akifika mlangoni Bwana Soichiro anamrukia kwa furaha naye anakauka kama mti. Mtazamaji anacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini kinachotokea pale ni kwamba mbwa mwenye jina la marehemu amekaa mlangoni kwa mjane, na mchumba hawezi kupita bila kwanza kuikabili hofu yake. Mitaka anafikia hatua ya kufuga mbwa wake mwenyewe, akamwita McEnroe, ili ajizoeze. Katika vichekesho vya kawaida woga wa mbwa ungekuwa woga wa mbwa tu.

Lawama kubwa inayotolewa dhidi ya kazi hii ni kwamba inachelewa. Godai anakaribia kusema, simu inalia. Kyoko anakaribia kukubali, Yotsuya anatokea ukutani. Wanapanga kukutana mgahawani, na kila mmoja anakaa kumngoja mwenzake katika mgahawa tofauti kwa sababu majina yanafanana. Yapo majuma ambayo mtazamaji anatamani kuwashika hawa wawili na kuwafungia chumba kimoja mpaka waelewane. Mimi nadai kwamba ucheleweshaji huo ni wa Kyoko, na kwamba ana sababu.

Hakuna aliyemkataza kuolewa. Baba mkwe wake, mzee Otonashi, mwenye nyumba, ndiye aliyempa kazi ya usimamizi apate pa kujishikiza, na ndiye huyo huyo anayemwambia kwamba yu bado kijana, asijifunge kwa ajili ya mwanawe. Wazazi wake wanamsukuma arudi kwao, arudie jina la Chigusa, aanze upya. Mama yake anampigia debe Mitaka waziwazi. Kwa hiyo hapa hatuna ukoo unaomfungia mjane ndani. Kila mtu anamtaka asahau, na anayekataa kusahau ni yeye. Akimpenda mtu mwingine, yale aliyoyahisi kwa Soichiro yatakuwa nini? Yalikuwa ya kweli kiasi gani, kama yanaweza kupata mrithi? Swali hilo halimwachi alale, na hakuna mkwe mwema anayeweza kulijibu kwa niaba yake.

Ndiyo maana ana wivu wa ajabu. Simu ya nyumba nzima ni moja, na Kozue Nanao, msichana anayetoka na Godai bila Godai kuwa na ubavu wa kumwambia ukweli, akipiga, mara nyingi anayepokea ni Kyoko. Anapokea kwa heshima zote. Anamwita Godai kwa sauti tamu kupita kiasi. Kisha anaifunga milango kwa kishindo kwa siku tatu, anamjibu kwa neno moja moja, na akiulizwa ana nini anasema hana kitu. Si haki hata kidogo. Hajampa Godai ahadi yoyote, kwa hiyo hana cha kumdai. Lakini kukiri kwamba anaona wivu ni kukiri kwamba anapenda, na kukiri kwamba anapenda ni kuanza kumwacha mumewe. Hasira ndiyo mlango pekee uliobaki wazi. Nashukuru kwamba Takahashi hakumfanya mjane wake kuwa malaika mwenye machozi. Kyoko ana kiburi, ana kisirani, anapiga makofi, anajidanganya, na anapanda juu ya paa na nyundo kuziba panapovuja bila kumngoja mwanamume yeyote. Sumi Shimamoto, yule yule aliyeigiza sauti ya Nausicaä wa Hayao Miyazaki mwaka 1984, anampa sauti laini ambayo unasikia ndani yake mahali panapokatika.

Aliyemwelewa Kyoko mapema kuliko watu wazima wote ni mtoto wa shule. Godai anapofanya mazoezi ya ualimu anapelekwa shule ya wasichana aliyosoma Kyoko, na mwanafunzi mmoja, Ibuki Yagami, anampenda bila aibu wala breki. Sehemu hii inanitia mashaka kila nikiirudia. Msichana wa shule kumkimbilia mwalimu si jambo la kuchekewa kirahisi, na waandishi wa leo wangeliandika kwa tahadhari kubwa zaidi. Lakini haikuwekwa pale kujaza nafasi. Kyoko anamtazama Yagami na kumwona Kyoko wa zamani, aliyempenda mwalimu Soichiro akiwa na sare ile ile. Anapotaka kumkanya hana pa kusimamia. Naye Yagami, kwa ukatili wa umri wake, anamwambia usoni kwamba ni mwoga. Katika nyumba iliyojaa watu wanaojua kila kitu na kusema ovyo, hilo ndilo neno la kweli ambalo hakuna mpangaji aliyethubutu kulisema.

Kazi hii ina makosa, na siyafichi. Uchunguliaji wa Yotsuya unachukuliwa kama utani tu, na leo hautazamiki kwa urahisi. Kelele za wapangaji wakati mwingine zinavuka masihara na kuwa ukatili. Kuna usiku mtu anatamani Godai angehama kweli. Kozue ametendewa vibaya na Godai na pia na mtunzi: anazungushwa miaka mingi na kijana asiyeweza kusema hapana, kisha anaolewa na mtu mwingine na kuondolewa jukwaani. Na Mitaka, aliyepambana kwa heshima kuliko wote, anaangushwa na ajali. Analala nyumbani kwake amelewa, anaamka na kuhisi kwamba amemvunjia heshima Asuna Kujo, mchumba aliyetafutiwa na familia. Akisikia kuna mimba, anajikaza kiume na kwenda kuposa. Mwenye mimba kumbe ni mbwa wa Asuna, na baba wa watoto ni McEnroe. Posa imeshatoka kinywani. Nacheka kila mara, na kila mara naona kwamba Mitaka amedhulumiwa. Angalau Asuna anampenda kwa moyo wote, na mtunzi anawapa maisha mema.

Godai naye anakua kwa njia ambayo hadithi za mapenzi hupenda kuiruka, yaani kwa kutafuta kazi. Ilikuwa miaka ambayo Japani ilikuwa ikitajirika kwa kasi, na kijana mwenye shahada ya chuo kikubwa alikuwa akigombaniwa na makampuni. Godai hana shahada ya chuo kikubwa. Kampuni iliyokubali kumwajiri inafilisika kabla hajaanza. Anapata kibarua cha kulea watoto katika shule ya chekechea, anapunguzwa, na kuangukia kwenye kabareti, ambako anawalea watoto wa wanawake wanaofanya kazi pale usiku. Anaona aibu kumwambia Kyoko. Lakini ni pale, akiwa amezungukwa na watoto wanaomvuta shati huku mama zao wako kazini, ndipo kijana aliyeshindwa kila kitu anagundua kitu anachokiweza. Anasomea cheti cha ualimu wa chekechea, anafeli, anarudia, anafaulu. Sijui anime nyingine ya miaka ile iliyomngoja mwanamume wake mpaka awe na mshahara mdogo wa halali ndipo ikamruhusu atamke posa. Kwa Takahashi, mapenzi yana kodi ya nyumba.

Waongozaji walikuwa watatu kwa zamu, Kazuo Yamazaki, kisha Takashi Anno, kisha Naoyuki Yoshinaga, na mabadiliko yanaonekana. Vipindi vya mwanzo vina vurugu nyingi, watu wanaruka na kupiga mayowe. Kadiri tunavyosogea mbele, ukimya unaongezeka. Mvua inanyesha kwa sekunde nyingi kabla mtu hajasema neno. Kyoko anafagia mbele ya mlango, aproni yake ikiwa na kifaranga kifuani, anainua kichwa kumwona nani anapanda kilima. Sijui ni mara ngapi tunamwona akifagia, lakini ndivyo tunavyojifunza hali ya moyo wake, kwa mkono unavyolishika fagio. Katika kipindi kimoja tu, cha 24, wimbo wa kufungulia ulikuwa “Alone Again (Naturally)” wa Gilbert O’Sullivan, wa mwaka 1972, wimbo unaozungumzia kufiwa na kuachwa. Juma lililofuata haukuwapo tena. Mtu aliyeuchagua alijua anatengeneza hadithi ya nini.

Na hivyo tunafika makaburini. Kyoko amekwenda kumzuru mumewe kabla ya kuolewa tena, na anamkuta Godai ametangulia, anazungumza na jiwe la kaburi bila kujua kwamba anasikilizwa. Anayosema ni machache. Anakiri kwamba anamwonea Soichiro wivu. Anakiri kwamba siku ya kwanza alipokutana na Kyoko, Soichiro alikuwa tayari yumo ndani yake, kwa hiyo Kyoko aliyempenda ni Kyoko huyo mwenye marehemu moyoni, na hamjui mwingine. Atamchukua pamoja naye.

Miaka yote hiyo Godai alikuwa akipigana na mtu asiye na uso, akitaka Kyoko amsahau, na kila alipodhani ameshinda jina liliitwa uani na mbwa akaitikia. Sasa haombi asahauliwe. Ndipo Kyoko, amesimama nyuma yake, anaweza kumwambia Soichiro kwamba amebahatika kukutana na mtu huyu. Hakuna aliyefukuzwa ili mwingine aingie. Hapo pia nikaelewa kwa nini uso haukuonyeshwa. Tungeuona, tungeulinganisha na wa Godai, tungechagua. Kwa kunyimwa uso tunabaki katika hali ya Godai mwenyewe, tukimjua marehemu kupitia kwa yule aliyempenda.

Posa yenyewe inatolewa usiku barabarani, Godai akiwa amembeba mgongoni baba yake Kyoko aliyelewa. Hakuna pete wala mishumaa. Kyoko anaomba ahadi moja tu: Godai aishi zaidi yake, hata kwa siku moja, kwa sababu hawezi kubaki peke yake mara ya pili. Mzee aliye mgongoni, ambaye walidhani amelala, anasikia kila neno. Kisha kuna harusi, na baada yake mtoto wa kike, Haruka, anayeletwa katika nyumba ile ile ya mbao, kwa wapangaji wale wale wenye chupa mkononi.

Anayetaka kuitazama aanze na kipindi cha kwanza, na asiruke vile vya katikati hata vikimchosha, kwa sababu maneno ya Godai kaburini hayatamwingia mtu ambaye hakungoja pamoja naye. Takahashi baadaye alipata umaarufu mkubwa zaidi duniani kwa Ranma ½ na Inuyasha. Mimi naiweka Maison Ikkoku juu ya zote mbili.